Daktari wa kliniki, afisa lishe, kikundi, jim au simu: ukiwa na presha ushauri wa chakula na mazoezi uuchukue wapi?

Mama alitoka kliniki ya presha na kikaratasi kimeandikwa harakaharaka, punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi, na siku hiyo mashine ilikuwa imesoma 172 kwa 104. Tukakibandika kwenye friji. Baada ya miezi mitatu tukarudi mashine ikasoma 166 kwa 100, na kikaratasi bado kipo palepale, yaani kila mtu akifungua friji kuchukua maji anakiona lakini hakuna aliyejua kupunguza chumvi ni kutoka wapi kwenda wapi, mama anapika kwa kukadiria na vidole kama alivyofundishwa na bibi, hajawahi kupima chumvi maisha yake yote.

Toka hapo tumezunguka sana. Mama amepita kwa afisa lishe, shangazi yuko kwenye kikundi cha wagonjwa wa presha na sukari, jirani yetu aliamua kwenda jim, na mimi mwenyewe nimeandikisha simu ya mama kwenye huduma za meseji. Kwa hiyo naandika hii kwa mtu ambaye ameshaambiwa yuko kwenye hatari ya moyo, ana presha, au kolesto iko juu, au sukari imeanza kusogea, au uzito umemzidi, au vyote kwa pamoja, na anajiuliza hela na muda wake auweke wapi. Nawaombeni sana msiliache hili mpaka limfikishe mtu wodini.

Kabla ya kulinganisha kuna kitu kimoja ambacho ningependa ningekijua mapema. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa Marekani linalotoa mapendekezo ya kinga lilipitia tafiti 94 za ushauri wa chakula na mazoezi kwa watu wazima wenye viashiria vya hatari ya moyo, watu zaidi ya elfu 50, na ushauri uliokuwa unapimwa mle haukuwa wa siku moja. Kwa wastani mtu alikutana na mshauri mara 12 hivi ndani ya mwaka, jumla kama masaa 6. Namba ya juu ya presha ilishuka kidogo tu kwa wastani, chini ya pointi 2, lakini tafiti zilizofuatilia mashambulizi ya moyo na kiharusi zilionyesha yamepungua kwa kama asilimia 20. Sasa chukua masaa 6 uweke pembeni ya zile dakika saba alizopewa mama pamoja na kupimwa na kuandikiwa dawa, utaona kwa nini kikaratasi hakikufanya kitu. Maneno yalikuwa yaleyale, ila yalisemwa mara moja tu halafu hakuna aliyerudi kuuliza imekuwaje.

Kwa hiyo mimi kipimo changu cha kwanza kwenye kila njia ni hiki, huyu mtu atakuona mara ngapi? Cha pili, je anajua sufuria ya nyumbani kwako ina nini?

Tuanze na daktari wa kliniki. Huyu usimwache hata siku moja, kwa sababu ndiye anayejua dawa zako, ndiye anayeweza kukupima figo, kukupiga ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kukuambia kama moyo wako unaruhusu mazoezi magumu au bado. Halafu wazee wetu neno la daktari lina uzito wake, mama mimi nikimwambia kitu ananiambia mwanangu nimekuzaa juzi, daktari akisema neno lilelile anaitika. Ukiwa na bima gharama yake inabebeka, na miadi yako ya dawa ipo tu hata hivyo. Ila muda hana. Nje kuna benchi limejaa, watu wamefika saa kumi na mbili asubuhi na chupa za chai, utamlaumu vipi mtu ana wagonjwa 60 wa kuona kabla ya saa nane? Ushauri wake unakuwa wa jumla kwa sababu hana nafasi ya kuuliza unakula nini. Cha kufanya ni kuingia na maswali mawili au matatu uliyoandika, na moja kati ya hayo liwe hili, naomba unielekeze kwa mtu wa lishe. Sisi tulikuwa hatujui hata kama tunaweza kuomba, tulikaa miezi mitatu bure.

Afisa lishe ndiyo nataka nikae naye kidogo maana hapa ndipo macho yetu yalipofunguka.

Hospitali kubwa nyingi za Tanzania wapo, za mikoa na za rufaa, na Kenya pia kliniki nyingi za sukari wana mtu wa lishe. Halmashauri nazo zina maafisa lishe ingawa wengi wao kazi kubwa iko kwenye udumavu wa watoto. Yule tuliyempata ni binti mdogo tu, alimpa mama shikamoo, akakaa naye karibu dakika 40, na hakuanza na kusema punguza chochote. Akauliza, mama, nyumbani mko wangapi? Mama akasema sita. Paketi ya chumvi mnanunua ya kiasi gani? Ya nusu kilo. Inaisha baada ya siku ngapi? Mama akacheka, akasema mwanangu nani anahesabu chumvi, halafu akafikiri, akasema kama wiki na siku mbili hivi.

Yule binti akachukua kalamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisicho na mlima, na hiyo ni chumvi yote, ya mboga, ya mkate, ya kila kitu. Watu sita mara gramu 5 ni gramu 30 kwa siku. Paketi ya gramu 500 ingetakiwa iende siku 16 hadi 17. Yetu inaisha siku 9. Yaani kila mtu pale nyumbani anakaribia kula mara mbili ya kiwango, na hapo hujahesabu mkate wa asubuhi wala unga wa mchuzi wa kwenye paketi. Mama alinyamaza kabisa. Miaka yote hiyo ameambiwa chumvi nyingi mbaya lakini ilikuwa haina sura, sasa imepata sura, ni paketi ya nusu kilo.

Akaendelea, maharage mnachemshaje? Mama akasema na magadi kidogo yaive haraka, mkaa ghali. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba magadi nayo ni sodiamu, kitu kilekile cha kwenye chumvi kinachopandisha presha, huyaoni kama chumvi kwa sababu hayana ile ladha. Suluhisho lake halikuwa la hela, loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha bila magadi, mkaa unaotumika hauzidi sana. Kingine ni samaki. Mama ni mtu wa Tanga na ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, kwake ni chakula cha nyumbani, akaambiwa asiache ila aloweke na kubadilisha maji mara mbili, na siku akipika ng'onda asitie chumvi kabisa kwenye mchuzi.

Na nazi. Hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu kuna mshauri mwingine tulimwona mwanzo, sehemu nyingine, akasema nazi marufuku, nukta. Mama alivyotoka pale hakutaka kusikia habari ya lishe tena, akasema huyu anataka nife na njaa. Ni kweli mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda, yanayopandisha kolesto mbaya, hilo halina ubishi. Lakini yule binti aliuliza unakamua matui mangapi? Matatu. Basi tui la kwanza zito tuliweke la siku ya wageni na sikukuu, siku za kawaida pikia tui la pili na la tatu, na siku mbili tatu kwa wiki mboga ya karanga kidogo au mafuta kijiko cha kupima. Mama hilo amelifuata mpaka leo. Nawaambia, mtu anayekataza kila kitu hajaokoa moyo wa mtu, maana ukitoka pale unarudi kula kama jana na safari hii unakula kwa hasira.

Swali lake la mwisho ndilo lililotushtua zaidi, mama, mwiko anashika nani? Kumbe mama siku hizi anapika Jumapili tu, siku zingine anapika dada wa kazi, na yeye hakuna aliyewahi kumwambia chochote. Kikao cha pili tulikwenda naye. Kama baba yako ndiye mgonjwa na mama ndiye mpishi, au mkwe ndiye mpishi, nendeni na mpishi, msimpeleke mgonjwa peke yake halafu mkategemea arudi kumhutubia mwenye sufuria.

Ubaya wa njia hii ni kwamba watu wa lishe ni wachache, siku zao ni mbili au tatu kwa wiki, sehemu nyingine bima haigusi huduma hiyo kwa hiyo unalipa kila ukienda, na nauli juu yake. Wa binafsi wapo na wazuri wapo, ila uliza amesomea wapi na amesajiliwa wapi kabla hujalipa, kwa sababu kuna watu wanajiita wataalamu wa lishe kumbe ni mawakala wa unga wa kwenye makopo. Dalili ya kumjua ni rahisi, ukimaliza kikao amekuuzia kitu.

Watu huwa wanauliza, je nifuate ile dayati ya DASH au ya Mediterania? Mimi si mtaalamu lakini nimesoma na nimeuliza. DASH ilipimwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1997, watu 459, matunda na mboga kwa wingi, maziwa yenye mafuta kidogo, nafaka, maharage, nyama kidogo, na kwa wale waliokuwa na presha ya juu namba ya juu ilishuka kwa pointi 11 hivi ndani ya wiki nane tu, na walikuwa hata hawajapunguzwa chumvi. Mwaka 2001 wakaongeza na kupunguza chumvi ikashuka zaidi. Ya Mediterania ilipimwa Hispania kwenye utafiti unaoitwa PREDIMED, watu zaidi ya 7,400, mafuta ya zeituni, karanga za aina mbalimbali na samaki, ikaonekana kupunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa karibu asilimia 30, ingawa ilibidi waiondoe ile ripoti na kuichapisha upya mwaka 2018 baada ya kugundulika kasoro kwenye namna watu walivyogawanywa, na majibu yakabaki karibu yaleyale. Kwa mtu mwenye presha kama tatizo kuu na mfuko wa kawaida mimi ningesema DASH, kwa sababu sehemu kubwa ipo gengeni. Mchicha, matembele, kunde, maharage, choroko, papai, ndizi, mtindi, dagaa wasiotiwa chumvi, dona badala ya sembe. Zeituni lita moja bei yake unajua mwenyewe.

Na msidhani ni mambo ya wazungu tu. Kuna utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1990, waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini karibu na ziwa kwenda Nairobi, presha zao zikapanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini, na walipopima mkojo wakakuta sodiamu imeongezeka na potasiamu, ile ya kwenye mboga na matunda, imepungua. Watu walewale, damu ileile, kilichobadilika ni maisha na sahani. Mimi nikisoma hiyo nilimfikiria mama alivyokuja Dar mwaka 1987.

Kikundi sasa. Shangazi yuko kwenye kikundi cha watu kama ishirini, wanakutana mara moja kwa mwezi kwenye kituo cha afya, wanapimana presha, nesi anaongea nusu saa, halafu wanaweka akiba kama vikoba. Nguvu ya kikundi ni kwamba mtu anarudi. Shangazi miadi ya daktari anaweza kuikosa lakini kikundi hakosi, kwa sababu hela yake iko pale na wenzake watamuuliza. Halafu kuna vitu mgonjwa hawezi kumwambia daktari anamwambia mwenzake, kama vile dawa fulani inamvimbisha miguu ndiyo maana ameziacha kimyakimya, mwenzake anamwambia na mimi ilinitokea nikabadilishiwa, nenda kaseme. Kule magharibi ya Kenya mpango wa AMPATH wa Eldoret walijaribu kitu hiki kitaalamu kabisa, wengine wakabaki na kliniki ya kawaida, wengine wakapata mikutano ya matibabu kwa kikundi, wengine vikundi vya akiba, na wengine vyote viwili, na baada ya mwaka waliopata vyote viwili namba ya juu ya presha ilishuka kama pointi 16 wakati wa kliniki ya kawaida ilishuka kama 11. Kihesabu tofauti ile haikuwa na nguvu ya kufunga mjadala lakini mimi inaniingia akilini, mtu mwenye presha na hana hela ya mboga umwambie nini?

Kasoro yake ni kwamba kikundi hakiwezi kuingia ndani ya sufuria yako moja moja, na kikikosa nesi au mtu aliyefundishwa kinageuka mahali pa kuambiana dawa za majani. Shangazi aliwahi kurudi na chupa ya kitu cha kijani, akaambiwa akinywa hiyo aache vidonge kwa wiki mbili. Tukashukuru alipiga simu kwanza. Kikundi chochote kinachokwambia acha dawa, ondoka. Chakula na mazoezi vinasaidiana na dawa, kama dozi itapunguzwa atapunguza aliyeiandika.

Jim na joging. Hapa Dar Jumamosi na Jumapili asubuhi utaziona klabu za joging barabarani, fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo, na raha ipo kweli, wengine wamepungua na wamepata marafiki. Lakini mtu mwenye hatari ya moyo asianzie hapo. Jirani yetu, mwanaume wa miaka 52, mnene, presha hajawahi kuifuatilia, alilipia mwezi mzima jim, siku ya pili mwalimu akamwekea vyuma vizito na kumwambia sukuma, usikubali kushindwa, akapata maumivu ya kifua na jasho la baridi. Alipona, ilikuwa onyo, lakini hakuna aliyemuuliza swali hata moja kabla ya kumwekea chuma. Mwalimu mzuri wa mazoezi atakuuliza una presha, unatumia dawa gani, kifua kinauma ukipanda ngazi, na ukisema ndiyo atakurudisha kwa daktari kwanza. Ukiona hajauliza, hela yako irudi nyumbani. Na popote ulipo, kifua kikibana, maumivu yakienda kwenye mkono au taya, pumzi ikikata, unaacha pale pale na unakwenda hospitali, hujikazi.

Kwa wengi wetu kutembea kunatosha kuanzia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mazoezi ya nguvu za misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa siku tano. Wastani maana yake unatembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Na si lazima iwe kwa mkupuo mmoja, ule mtazamo wa zamani kwamba chini ya dakika kumi haihesabiki umeshaondolewa. Mama anashuka daladala kituo kimoja kabla, anatembea dakika 12 kwenda na 12 kurudi, siku za soko zinaongezeka. Misuli anafanya kwa kukaa na kusimama kwenye kiti cha jikoni mara kumi, anapumzika, anarudia. Gharama yake ni raba tu, na raba usibanie, kina mama wengi wanaacha kutembea kwa sababu ya ndala na miguu kuuma, hasa wenye sukari ambao kidonda cha mguu kwao ni hatari kubwa.

Simu sasa, nitapita haraka. Meseji za kukumbusha zinafanya kazi kuliko nilivyodhani, kule Sydney walifanya utafiti kwa wagonjwa wa moyo 710, meseji nne kwa wiki kwa miezi sita, ulichapishwa mwaka 2015, na waliopata meseji walikuwa na kolesto na presha nzuri zaidi kuliko wasiopata, na mazoezi walifanya zaidi. Ni rahisi, haihitaji nauli, na kwa mtu wa kijijini inaweza kuwa ndiyo mawasiliano pekee kati ya miadi na miadi. Ila meseji haiulizi swali la magadi. Na kwenye WhatsApp meseji ya nesi inakaa juu ya sauti ya mtu usiyemjua anayekwambia kitunguu saumu kinasafisha mishipa ndani ya siku saba. Sisi tuliamua mama afuate namba moja tu, ya kliniki yake, zingine zote za afya tukazifuta mbele yake na kwa ridhaa yake.

Ukiziweka bega kwa bega, kwa usalama daktari yuko mbele ya wote, kwa kuingia jikoni afisa lishe hana mpinzani, kwa kumfanya mtu arudi mwezi baada ya mwezi kikundi kinashinda, kwa gharama simu na kutembea ndiyo nafuu, na jim inafaa kwa aliyeshapimwa akaruhusiwa na ambaye akiwa peke yake hafanyi. Kama una uwezo wa kuchagua moja tu ya kuongeza juu ya daktari wako, mimi nasema afisa lishe kama kinachokusumbua ni chakula na hujui kosa liko wapi, na kikundi kama unajua kila kitu ila unashindwa kuendelea. Mtu mwenye sukari iliyoanza kusogea ningemwambia atafute programu ya vikao vingi kabisa, kwa sababu Marekani mwaka 2002 ile programu ya kuzuia kisukari, vikao 16 vya kwanza, dakika 150 za kutembea kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito, ilipunguza watu kupata kisukari kwa asilimia 58, na dawa ya metformin asilimia 31. Aliyeshapata shambulio la moyo au kiharusi huyo asichague mwenyewe, aulize hospitali yake ya moyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kwa walioko Dar, aelekezwe aanzie wapi.

Neno moja kuhusu chumvi ya potasiamu, yaani ile ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa na potasiamu, maana inauzwa sasa supamaketi. Uchina waliijaribu kwenye vijiji 600, karibu watu elfu 21, majibu yakatoka mwaka 2021, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Ni kitu kizuri. Lakini mwenye matatizo ya figo, au anayetumia dawa kama enalapril, losartan au spironolactone, asiiguse kabla ya kumuuliza daktari, potasiamu ikizidi kwenye damu inasimamisha moyo. Mama anatumia losartan kwa hiyo sisi hatuitumii.

Sisi tumechanganya. Daktari kila miezi miwili, afisa lishe kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza na sasa kila miezi mitatu, kutembea kila siku, meseji za kliniki. Mara ya mwisho mashine ilisoma 138 kwa 86. Dozi nayo iliongezwa katikati hapo, kwa hiyo siwezi kusema ni chakula peke yake, lakini uzito umeshuka kilo 4 na ngazi za kwa dada yangu ghorofa ya pili anapanda bila kusimama.

Kikaratasi cha kwenye friji tulishakibandua. Siku hizi kila paketi mpya ya chumvi ikifunguliwa dada anaiandika tarehe kwa kalamu ya maki, mama ndiye aliyemwambia. Iliyopo sasa hivi imeandikwa tarehe 3, leo ni tarehe 19, na asubuhi nimeitikisa bado ipo kidogo chini.